Bamba au bonge? Kwa anayetafuta kisukuku chake cha kwanza cha kaa au kamba

Mdogo wangu wa Tanga ameniandikia: “Dada, shikamoo. Nimejibana miezi minane. Nataka kisukuku kimoja tu, cha kweli. Nichukue kamba wa Ujerumani au kaa wa New Zealand?” Chini yake picha mbili. Katika ya kwanza kamba mwembamba amelala ubavu juu ya jiwe la rangi ya krimu, papasi zake, zile nyuzi ndefu za kichwani, zimepinda kama herufi za mtu mwenye mwandiko mzuri. Katika ya pili kaa mnene, gando moja kubwa kama ngumi, amejitokeza nusu kwenye bonge la jiwe la kijivu. Nusu nyingine bado imo ndani.

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Swali lake la kweli halimo kwenye picha. Kila kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye jiwe, kikiuzwa kimeshapita mikononi mwa watu: aliyekichimba, aliyekisafisha, aliyekiunganisha kilipovunjika. Kwa hiyo ninapolinganisha vitu hivi huwa najiuliza jambo moja kabla ya bei: hapa mnyama ni kiasi gani, na mkono wa mtu ni kiasi gani?

Nitazungumzia gegereka wa kuliwa na ndugu zao, yaani kaa, kamba na kambakochi. Hao trilobiti, wanyama wa baharini waliotoweka zamani, mnaowaona kila duka la mawe si gegereka, wala kaa-farasi (horseshoe crab) si kaa, hata kama jina linasema hivyo.

Tukumbuke pia kwa nini mnyama mzima ni adimu. Aliyewahi kununua kamba saa nne asubuhi akafika nao nyumbani saa nane mchana bila barafu anajua. Gamba lao ni jembamba, nyama inaoza upesi, viungo vinaachana. Baharini kuna na walaji juu yake. Kinachobaki kwa kawaida ni ncha za magando ya kaa, kwa sababu hapo ndipo gamba lilipo nene, na makumbusho yana makabati yaliyojaa ncha hizo tupu. Ukimwona kamba mwenye papasi zote, ujue siku ile alipokufa kuna jambo lilitokea chini ya bahari. Ama maji ya chini yalikuwa hayakaliki na kiumbe yeyote wa kumla, ama matope yaliyomzunguka yaligeuka jiwe kabla hajaharibika. La kwanza hukupa bamba. La pili hukupa bonge.

Bamba la Solnhofen

Naishi mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Solnhofen, jimbo la Bavaria, kwa hiyo nakiri mapema kwamba napendelea upande huu.

Miaka milioni 150 hivi iliyopita sehemu ile ilikuwa bahari ya joto yenye vidimbwi vikubwa vilivyotengwa na miamba ya sifongo na matumbawe. Maji ya chini yalikuwa na chumvi nyingi na hewa ya oksijeni haba, kiasi kwamba mnyama akizama hakuna wa kumgusa. Chokaa laini kama unga ikamfunika, tabaka juu ya tabaka, na leo mawe yale hupasuka kwa kurasa. Ulaini huo ndio uliomfaa Alois Senefelder mwaka 1796 alipobuni uchapaji wa kutumia jiwe: jiwe lililoweza kushika mstari wa wino bila kuuvuruga lilikuwa limeshashika kitambo unywele wa mguu wa kamba. Wengi huenda kule kwa ajili ya yule ndege wa kale, Archaeopteryx, aliyepewa jina mwaka 1861. Mimi ndege nampita kwa heshima, nakwenda kabati la pembeni.

Humo utamkuta Aeger tipularius, kamba wa urefu wa kiganja, mwenye miguu ya mbele iliyojaa miiba kama kitana. Yuko Antrimpos, ambaye ukimwonyesha mama muuza kamba atakutajia bei. Yuko Mecochirus longimanatus, ambaye jozi yake ya kwanza ya miguu ni ndefu kama mwili mzima, na hadi leo nikimtazama najiuliza aliwezaje kugeuka. Na wako Eryon na Cycleryon, wapana na bapa kama sahani yenye mkia. Jamaa zao waliobaki duniani wanaishi kwenye kina kirefu chenye giza, na hawaoni. Mababu walikufa kwenye vidimbwi vya jua, wajukuu wamehamia gizani. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nilipe.

Sasa mkono wa mtu. Bamba la Solnhofen ni la bapa, mnyama ni doa la hudhurungi au rangi ya chungwa juu ya krimu, na rangi ni kitu rahisi kuongeza. Kamba wangu wa kwanza nilimnunua kwenye maonyesho ya mawe, miguu yote kumi, papasi hadi ukingoni. Nilikaa naye mwaka mzima nikijisifu. Siku moja rafiki mwenye uzoefu aliniomba ruhusa, akachovya kijiti cha pamba kwenye asetoni (ile ile ya kufutia rangi ya kucha), akakisugua taratibu kwenye mguu wa nyuma kabisa. Pamba ikatoka na kahawia. Akasugua tena, mguu ukaisha. Tulipomaliza, miguu minne ilikuwa imeondoka na theluthi ya papasi moja pia. Mnyama aliyebaki alikuwa wa kweli, tena mzuri. Nilichokasirikia ni kulipia brashi ya mtu.

Siku hizi nabeba taa ndogo ya urujuanimno ya nanomita 365. Gamba na misuli ya hawa kamba mara nyingi imegeuka fosfeti ya kalsiamu, na chini ya taa hiyo huwaka kwa mwanga uliopauka dhidi ya jiwe lenye weusi wa zambarau. Ukiuona mguu umewaka hadi katikati kisha umekatika ghafla kwenye giza, nusu ya pili imechorwa. Wakati mwingine mambo huwa kinyume, na hapo ndipo raha ilipo: jichoni huoni papasi, taa ikiwaka papasi inatokea, nyembamba kama uzi wa buibui, imelala pale tangu enzi hizo bila mtu kuigusa. Muuzaji akikukatalia kuwasha taa, funga mkoba.

Kuna watakaouliza: si niende nichimbe mwenyewe? Machimbo ya Blumenberg karibu na Eichstätt yako wazi kwa wageni, unakodi nyundo na patasi, unapasua siku nzima. Nenda, lakini nenda kwa ajili ya jua na kelele za watoto. Nimekwenda mara sita. Nimerudi na Saccocoma, wanyama wadogo wa baharini waitwao yungiyungi-bahari, nao ndio wengi kupita wote, na michoro ya manganizi na chuma inayofanana na mimea wala si mimea. Mgongo nao uliuma. Kamba bado.

Binamu wa Lebanon

Milimani juu ya Byblos kuna vijiji vya Hakel na Hjoula, mawe ya chokaa ya miaka milioni 95 hivi, na chini kuelekea pwani Sahel Alma, yenye umri mdogo kidogo. Sifa yake ni ya zamani kuliko ya Ujerumani. Jean de Joinville, aliyekuwa na mfalme Louis IX wa Ufaransa kwenye vita vya msalaba katika karne ya 13, aliandika kwamba huko Sidoni mfalme aliletewa jiwe la ajabu: ukiinua ganda moja, ndani unakuta umbo la samaki wa baharini.

Kwa anayelinganisha, neno ni hili: Lebanon hukupa kundi, Solnhofen hukupa mtu mmoja mmoja. Kamba wa Carpopenaeus hupatikana wawili, watatu, pengine na samaki katikati yao, kwenye bamba moja la kijivu-krimu. Bei kwa kawaida ni ya chini. Ila mistari si mikali kama ya Solnhofen, na tatizo lake si brashi peke yake, ni gundi. Jiwe hutoka vipande vipande, na kuunganisha vipande vyake lenyewe ni halali kabisa. Kupandikiza kamba wa bamba jingine ili kundi linoge ndiko kunakoharibu. Tazama nyufa. Ufa wa kweli hukata jiwe na mnyama pamoja na kuendelea. Ukiona mstari umemzunguka mnyama kama fremu, au jiwe lililo chini yake limetofautiana rangi kidogo na la jirani, huyo ni mgeni aliyeletwa.

Kwa mtu anayetaka kitu cha kutundika ukutani kiwavutie wageni, ningesema Lebanon bila kusita. Mdogo wangu hana ukuta wa namna hiyo.

Bonge la New Zealand

Kaa wa ile picha ya pili anaitwa Tumidocarcinus giganteus, jina alilopewa na Martin Glaessner mwaka 1960. Hutoka pwani ya Canterbury kaskazini, kisiwa cha kusini cha New Zealand, na ni wa enzi ya Miosini, kati ya miaka milioni 23 na 5 iliyopita. Majabali yanamomonyoka, mabonge yanadondoka ufukweni, mawimbi yanayafumbua kidogo. Mpita njia asiyejua anaona mawe. Anayejua anaona alama ya gando kama mwezi mwandamo kwenye ubavu wa bonge.

Hapa kaa hajabanwa. Chokaa iliyeyuka na kuganda ndani ya matope yaliyomzunguka, ikamfungia humo akiwa na unene wake wote. Ndiyo maana ukimshika mkononi akili inakataa. Uzito ni wa jiwe, umbo ni la kitoweo. Mgeuze. Kama msafishaji alifungua upande wa chini, utaona lile kunjo la tumbo: jembamba lenye ncha ni dume, pana la mviringo ni jike. Ni kipimo kile kile anachotumia mama wa sokoni leo kukuchagulia jike lenye mayai. Madume ndio wenye lile gando moja lililopita kiasi. Kwangu, hakuna kisukuku kinachomfundisha mtu haraka zaidi ya hiki. Mtoto wa miaka mitano hahitaji maelezo.

Lakini tuhesabu mkono wa mtu. Bamba hupasuka, mnyama yupo. Bonge halikupi kitu bila kazi. Msafishaji hukaa na kalamu ya upepo, chombo chenye ncha inayogonga mara maelfu kwa dakika, akitoa jiwe chembe kwa chembe. Kaa mmoja humla saa nyingi, kwa mkubwa ni makumi. Unalipia saa hizo, na ni haki yake. Hatari ni pale jiwe na gamba vinapokuwa na rangi moja, ncha ikateleza, mguu ukakatika. Wapo wanaouacha mguu umekatika. Wapo wanaouziba kwa gundi. Na wapo wanaochonga mguu kutoka kwenye jiwe lenyewe, kazi safi kiasi kwamba picha ya simu haitakuonyesha kamwe.

Lenzi ya kukuza mara 10 itakuonyesha. Gamba la kweli lina vitundu na vipele vidogo, na hung'aa kidogo ukilizungusha kwenye mwanga. Jiwe lililochongwa lina mikwaruzo ya ncha inayokwenda upande mmoja. Gundi ni laini mno, na mara nyingi ina viputo. Anza na ncha za miguu kila unapokagua, maana mgongo ni mnene na hakuna anayehangaika kuughushi.

Jambo jingine la bonge: limelala kwenye maji ya chumvi. Lisipolowekwa kwenye maji yasiyo na chumvi kwa wiki kadhaa, yakibadilishwa, chumvi hutokea juu kama unga mweupe na kuanza kuchubua gamba. Muulize muuzaji aliloweka kwa muda gani. Anayeijua kazi yake atakujibu bila kufikiri.

Kaa wa bei ya chakula cha mchana

Mtandaoni utakutana na kaa wadogo weusi au kahawia, Macrophthalmus, wanaoandikwa “Plaistosini, Hainan” au “Indonesia”, kwa makumi ya yuro tu. Ni wa kweli kwa sehemu kubwa, na wazuri. Ndugu zao wa jenasi hiyo hiyo wako hai kwenye matope ya mikoko ya kwetu, wale wenye macho juu ya vijiti virefu wanaotoweka shimoni ukikanyaga. Kwa mwanafunzi mwenye bajeti ndogo ni mlango mzuri. Kasoro yake ni karatasi: lebo nyingi ni za kukisia, na China tangu 2011 ina kanuni kali juu ya visukuku kutolewa nje ya nchi. Umri nao ni mdogo. Plaistosini ni enzi iliyoisha miaka 11,700 iliyopita. Mimi ninaye mmoja, anakaa juu ya dawati kuzuia karatasi zisipeperuke.

Unyevu, ambao wauzaji wa Ulaya hawautaji

Hapa ndipo ushauri wa vitabu vya Ulaya unapompoteza mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja. Kuna kaa na kambakochi wazuri sana wa kisiwa cha Sheppey, Kent, Uingereza, kutoka udongo wa London wenye miaka milioni 50 hivi. Ni wadogo, bei nafuu, na ukiwa huko unaweza kuwaokota mwenyewe ufukweni baada ya dhoruba. Ningewapa nafasi ya pili kwenye orodha yangu yote, lau si paireti.

Paireti ni madini ya chuma na salfa, na visukuku vingi vya Sheppey vimejaa hayo. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, paireti huanza kuungana na oksijeni na maji, ikatoa asidi. Kwanza unasikia harufu ya kiberiti ukifungua droo. Kisha unga wa njano-kijivu. Kisha lebo imeungua kingo. Kisha huna kaa. Pwani yetu unyevu huo upo takribani mwaka mzima. Unaweza kumweka kwenye boksi lenye kufunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ukivikausha kila mara. Nakujua mdogo wangu, utavisahau.

Bamba la chokaa na bonge la New Zealand havina shida hiyo. Adui wa chokaa ni asidi. Usimsafishe kamba wa Solnhofen kwa ndimu wala siki, hata tone. Brashi kavu ya rangi ya maji inatosha.

Karatasi kabla ya pesa

New Zealand ina sheria ya vitu vilivyolindwa ya mwaka 1975, na visukuku vya kwao vinaweza kuhitaji kibali cha kutolewa nje ya nchi. Omba nakala. Kaa wa Verona na Vicenza wanavutia sana, ila Italia visukuku ni mali ya umma kwa sheria ya urithi wa utamaduni ya 2004. Kinachouzwa kinapaswa kuwa na historia ya mkusanyo wa zamani, na ukikosa historia hiyo achana nacho. Brazili usiguse kabisa: tangu 1942 uchimbaji wa visukuku unahitaji idhini ya serikali, na vilivyotoroshwa vimekuwa vikirudishwa kutoka makumbusho ya Ulaya.

Na nyumbani? Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Kwa hiyo nyundo ibaki nyumbani ukienda ufukweni. Kutazama hakuna anayekuzuia: kuta za Fort Jesus na nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe, na ukisogeza uso utaona makome na vipande vya matumbawe vilivyokuwa hai kabla hakujawa na Mreno wala Mwarabu.

Kuhusu lebo, nataka vitu vitatu: jina la mnyama, jina la machimbo au ufukwe, na maelezo ya matengenezo yaliyofanywa. Muuzaji aliyeandika “mguu wa 3 kushoto umejazwa” namwamini kuliko aliyeandika “kamili asilimia 100”.

Swali moja la mwisho kabla sijamjibu ndugu yangu, kwa sababu huwa linaleta ugomvi. Je, ni maiti au ni gamba alilojivua? Gegereka hukua kwa kuambua gamba, na mmoja huacha magamba mengi maishani mwake. (Wanasiasa wetu waliwahi kuliazima neno hili, kujivua gamba, wa baharini angalau anaacha ushahidi.) Kwa kaa, tazama nyuma: ikiwa mfuniko wa mgongo umeinuka na kuachana na tumbo kama boksi lililofunguliwa, huenda mwenyewe alitoka akaenda zake. Wapo wanaoshusha bei kwa sababu hiyo. Mimi sishushi, ila nataka niambiwe.

Basi nilimwandikia hivi: “Chukua bamba la Solnhofen. Aeger mdogo, aliyekosa mguu mmoja au miwili, asiyepakwa rangi, aliyepigwa picha chini ya taa ya urujuanimno. Aliyekosa mguu bei yake ni pungufu sana kuliko kamili, na hewa ya Tanga haitamdhuru. Kaa wa New Zealand ni mzuri, lakini kwa pesa yako utapata mwenye miguu ya gundi.”

Alikaa kimya siku mbili. Juzi asubuhi ikaja picha kutoka soko la samaki la Deep Sea, Tanga: kaa hai, amefungwa kamba ya mnazi, amelazwa chali juu ya meza ya saruji. Kunjo la tumbo pana, la mviringo.

“Dada, huyu ni jike, sivyo?”

“Ni jike.”

“Basi nitasubiri miezi minane mingine. Nataka yule wa jiwe, aliyefunguliwa tumbo.”